Suti inayolegeza misuli: nimeivaa Mollii!

Nimeivaa, jamani, na mwili bado unanisisimka! Naizungumzia Exopulse Mollii Suit, koti na suruali vilivyobuniwa Sweden na Fredrik Lundqvist, na ambavyo sasa viko mikononi mwa Ottobock, kampuni ya Kijerumani inayojulikana zaidi kwa miguu na mikono ya bandia. Ikiwa kwenye hanga utadhani ni nguo ya mwendesha baiskeli. Igeuze uone ndani! Vipande vyeusi vya mpira laini unaopitisha umeme vimepangwa kuanzia mabegani hadi miguuni, 58 kwa jumla, na njia za umeme zimo humohumo kwenye kitambaa. Hakuna kubandika na kubandua elektrodi moja moja huku mgonjwa akitetemeka kwa baridi kitandani.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye wazo. Baada ya kiharusi, au kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ubongo hushindwa kuituliza misuli. Kiwiko kinakunjika, vidole vinafunga ngumi, kisigino kinanyanyuka na kukataa kugusa sakafu. Wewe na mimi tungeupeleka umeme kwenye msuli uliokaza. Suti hii inaupeleka kwa mpinzani wake! Msuli wa mbele ya mkono ukikaza, unaoguswa ni ule wa nyuma, kwa sababu uti wa mgongo una kawaida yake: ukiuamsha msuli mmoja, wa upande wa pili huamriwa ulegee. Charles Sherrington, Mwingereza aliyeshinda Nobel mwaka 1932, alikuwa ameshaueleza utaratibu huo zamani sana. Waswidi wakaushonea zipu.

Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye anayeamua ni misuli ipi iguswe, kati ya 40 inayoweza kufikiwa, na kwa nguvu kiasi gani. Anaandaa mpangilio huo kwenye kompyuta na kuuhifadhi katika kijisanduku kinachopachikwa kiunoni. Nyumbani kazi ni kubonyeza tu. Dakika 60, siku moja ndiyo, siku moja hapana, na wakati huo ndipo unapotakiwa kunyoosha viungo na kufanya mazoezi, maana suti inafungua mlango lakini kuingia ni kazi yako.

Nilipobonyeza nilijiandaa kurushwa. Wapi! Mtekenyo mdogo tu pajani, kisha hata huo nikausahau. Mapigo ni takribani 20 kwa sekunde, na nguvu yake ni ndogo mno kiasi kwamba msuli haurukiruki kama kwenye mashine za kliniki nilizozoea kuziona. Kwa mtu ambaye dawa za kulegeza misuli humlaza usingizi mchana kutwa, au anayesubiri sindano ya botoksi kila baada ya miezi kadhaa, hii ni habari kubwa.

Kero? Zipo. Kuivaa ni kibarua: zipu ni nyingi na mikanda ya kunata inasaidia, ila mwenye mkono uliokakamaa atahitaji mtu wa kumshika. Lazima ibane hadi iguse ngozi, na kwa joto la Dar mwezi Februari, bila feni sikushauri. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo asiisogelee. Bei ni maelfu ya yuro. Na tafiti zilizopo nyingi ni za watu wachache, wengine wamepata nafuu ya kuonekana, wengine hawakupata kitu, kwa hiyo jaribio chini ya jicho la mtaalamu lije kabla ya pochi kufunguliwa.

Hata hivyo nashindwa kujizuia! Tena huko Marekani kuna Cionic Neural Sleeve, iliyoidhinishwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, mwaka 2022: soksi ndefu ya mguu isiyo na unyayo, inayojificha ndani ya suruali ya kawaida, inayosoma mwendo wako na kuusisimua msuli wakati uleule unaponyanyua hatua, ili ncha ya mguu isiburuzike. Aliyeianzisha, Jeremiah Robison, ana binti mwenye mtindio wa ubongo, na hilo linaonekana katika namna ilivyokatwa na kushonwa. Mollii unaivaa saa moja ukaivua. Hii unakwenda nayo sokoni. Mwenye nayo ya saizi yangu anitafute, hata leo usiku!