Aliyejitolea na aliyetolewa: kumsoma Gurnah tukiwa Msimbazi

Neno "kujitolea" hapa Dar es Salaam lina wenyewe wawili. Wa kwanza ni kijana wa Kizungu aliyekuja kwa miezi mitatu kupitia programu ya kubadilishana wanafunzi. Amelipa ada ya programu, tiketi, bima na kibali, na anafundisha Kiingereza kwenye shule ya msingi. Wa pili ni kijana wetu mwenye shahada ya ualimu, kamaliza chuo miaka minne iliyopita, anafundisha darasa la jirani kwenye shule hiyohiyo bila mshahara, akingoja ajira za serikali zitangazwe. Muulize siku hizi anafanya nini, atakujibu: "Najitolea tu, kaka." Mgeni naye atasema anajitolea, lakini hana hiyo "tu".

Hiyo "tu" ilikuwa kichwani mwangu muda wote niliokuwa nasoma Theft, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 2025, ya kwanza tangu apate Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kwa Kiswahili jina lake ni Wizi, basi. Ni hadithi ya vijana watatu, Karim, Fauzia na Badar, wanaokua Unguja na Dar es Salaam wakati nchi inafungua milango kwa biashara na watalii. Wengi wataisoma kama hadithi ya ndoa na usaliti, na hawatakosea. Mimi naona humo ndani kuna hadithi nyingine, ya watu wawili wanaofanya kazi ugenini, ambao kila mmoja kafika kwa mlango wake.

Badar ndiye wa kwanza. Akiwa bado mvulana, watu waliomlea wanamchukua na kumkabidhi kwa familia moja ya Dar es Salaam awe mtumishi wa ndani. Haulizwi kama anataka. Hajui vizuri kwa nini ni nyumba hiyo na si nyingine. Sababu zinajulikana kwa wakubwa. Baadaye anasingiziwa wizi, na Karim, ambaye mama yake ndiye bibi wa nyumba hiyo, anampeleka Unguja na kumtafutia kazi hotelini. Wa pili ni Jerry, msichana wa Kiingereza anayekuja Unguja kujitolea na kufikia kwenye hoteli hiyohiyo. Karim wakati huo ana kazi nzuri, mke na mtoto mchanga. Sitasema zaidi, ila kuja kwa Jerry kunavunja kitu ambacho hakijengeki tena.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu lugha yetu inaonyesha kitu ambacho Kiingereza cha riwaya hakiwezi kukitamka kwa urahisi. Jerry amejitolea. Badar ametolewa. Kitenzi ni kilekile, kutoa; tofauti ni nani aliyeamua. Wote wawili wako mbali na kwao na wote wanafanya kazi kwenye nyumba za watu wengine. Lakini mmoja akichoka atapanda ndege, mwingine akichoka hana pa kwenda. Gurnah halisemi hilo kwa hotuba. Anawaweka hoteli moja, mmoja mgeni mwenye chumba chake, mwingine mfanyakazi wa kuwahudumia wageni, anatuacha tuangalie.

Na jina la riwaya nalo linauliza swali lake. Badar, aliyeitwa mwizi, hakuiba. Kinachochukuliwa kwenye nyumba ya Fauzia hakiitwi wizi na mtu yeyote, wala hakuna atakayeitwa polisi.

Ukikaa maeneo haya ya Mtaa wa Msimbazi, mambo ya kutolewa hayako mbali. Jina lenyewe la Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi hao walikusanywa Afrika Mashariki nzima, wengi wao kwa nguvu, na makumi kwa maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Leo mikokoteni inapita juu ya jina lao kila asubuhi. Wenzao waliokusanywa hawakuacha vitabu vya kutosha kutuambia walionaje safari ile, na hilo ndilo linanirudisha kwenye fasihi.

Maandishi ya vijana wanaokuja kwetu kujitolea yamekuwa kama utanzu kamili. Mwandishi anashuka uwanja wa ndege, anapigwa na joto, anashangaa foleni, anapanda daladala, anakutana na watoto wanaotabasamu ingawa hawana kitu. Kwenye aya ya mwisho anasema alikuja kufundisha lakini yeye ndiye aliyefundishwa. Watoto hao hawana majina ya ukoo. Mwalimu wa darasa, yule wa "najitolea tu", haonekani kabisa, ingawa ndiye aliyelishika darasa kabla mgeni hajaja na atakayelishika akiondoka. Gurnah amegeuza kamera. Katika riwaya yake anayetazama ni mfanyakazi wa hoteli, na mgeni ndiye anayetazamwa. Kwa msomaji wa huku, kugeuzwa huko peke yake kunatosha kukifanya kitabu kistahili pesa yake.

Hata hivyo, sikubaliani naye kwenye jambo moja. Jerry ni mwepesi mno. Karim, Fauzia na Badar tunawajua tangu utotoni. Jerry tunamwona kwa nje, uzuri wake na wepesi wake wa kuchukua. Kazi aliyoifuata haina uzito kwenye hadithi. Mtu anaweza kusema ni haki yake: miaka mingi sisi ndio tulikuwa watu wa nje kwenye vitabu vyao, sasa zamu yao. Nauelewa utetezi huo, lakini kisasi si hoja. Mgeni mharibifu ni rahisi kumhukumu, unamfukuza moyoni na kufunga kitabu. Swali gumu ni mgeni mwema, yule anayewahi kazini, hamgusi mume wa mtu, anawapenda wanafunzi kwa dhati, na bado kuwepo kwake kunamfanya mwalimu wetu asiyelipwa asionekane. Huyo Gurnah hakumwandika. Angemwandika, riwaya ingetuuma zaidi, na ingewauma wao pia.

Kuna upande mwingine wa barabara: sisi tunaokwenda kwao. Fasihi ya Kiswahili ilianza mapema kwenye hili kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1896 Selim bin Abakari, mtu wa Ngazija, alisafiri na tajiri wake Mjerumani, Bumiller, hadi Urusi na Siberia. Habari za safari hiyo zilichapwa mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichokusanywa na Carl Velten. Selim hatangazi kwamba safari imembadilisha. Anaeleza njia, watu, vyakula, baridi. Wasiomfanana anawaeleza kama mtu anayetaka wenzake wa pwani waelewe, naye Mrusi anakuwa mtu wa ajabu wa kuelezwa, kama sisi tulivyokuwa tukielezwa.

Lakini Selim asomwe kwa jicho kali. Alikuwa mtumishi, na kitabu kile kilipita mikononi mwa mwalimu wa Kijerumani na kuwafaa Wajerumani wanaojifunza Kiswahili. Kuhusu bosi wake asingeweza kuandika kila alichokiona. Ukimya wake ni sehemu ya maandishi. Anasafiri mbali kuliko karibu Mswahili yeyote wa wakati wake, na bado hatujui vizuri alitaka nini yeye mwenyewe.

Sasa vijana wetu wanaokwenda leo wana uhuru ambao Selim hakuwa nao. Milango ni michache, lakini ipo. Ujerumani ilianzisha programu ya weltwärts mwaka 2008 kupeleka vijana wake nchi za Kusini. Njia ya kurudi, ya vijana wa Kusini kwenda kujitolea Ujerumani, ilifunguliwa mwaka 2013, miaka mitano baadaye. Wanaokwenda hufanya kazi kwenye chekechea, nyumba za wazee na sehemu kama hizo. Wanarudi na nini? Nikiwa mwandishi wa habari nimesoma ripoti za namna hii si haba, na nyingi zimeandikwa kwa sauti ya kumshukuru mfadhili. Theluji, treni zinazofika kwa wakati, picha mbele ya kanisa kubwa. Mzee aliyekuwa analishwa uji kila asubuhi na kijana wa Ilala hayumo. Hayumo pia yule afisa wa viza aliyeuliza mara tatu kama kweli utarudi, swali ambalo kijana wa kwao akija huku haulizwi kwa namna ile. Kwa hiyo tumeurithi ukimya wa Selim bila kuwa na sababu zake.

Ningependa mmoja wao aandike kitabu. Aandike nani alilipa tiketi, posho ilikuwa shilingi ngapi na ilitosha nini, nani alifanya kazi hiyo kabla yake na kwa mshahara gani. Aandike kama nyumbani alikuwa "anajitolea tu", na kwa nini kuvuka bahari kuliiondoa hiyo "tu". Halafu amwandike mwenyeji wake kama binadamu kamili, akiwa na jina na kasoro, jambo ambalo Gurnah hakumfanyia Jerry.

Theft isomwe, pamoja na huo udhaifu. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya Paradise iliyotoka mwaka 2022, imeonyesha kuwa Gurnah anakaa vizuri kwenye Kiswahili. Atakayeitafsiri hii atafika ukurasa anaoingia Jerry na itabidi achague neno la kumwita. Akiandika "amekuja kujitolea", msomaji wa Msimbazi atamwona kwanza binti wa jirani mwenye shahada, anayetoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari, nauli kaazima kwa mama yake.