Ufundi wa Unyayo

Ukisimama Ilomba asubuhi ya mwezi wa sita, pembeni mwa barabara kuu iendayo Tunduma, mlima Loleza umekaa kaskazini kana kwamba uko nyuma ya nyumba ya jirani. Ukaribu huo unadanganya. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Loleza unapita mita 2,600, na kilele cha Mbeya upande wa magharibi kinapita 2,800. Mgeni huona mlima wa kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Mzoefu huona kwanza mawingu yaliyoushika shingoni, halafu anauliza mvua ya mwisho ilinyesha lini.

Nawapenda watu hawa wanaoijua milima kwa miguu: vijana wanaoongoza wageni kwenda Ngosi na Rungwe, walinzi wa misitu, akina mama wanaoteremka na mzigo wa kuni kichwani huku wakizungumza. Ufundi wao hauna cheti cha kutundika ukutani, na ukimsifu mmoja wao atakuambia ni mazoea tu. Mimi nasema ni ufundi kamili, una kanuni zake na unajifunzwa kwa miaka.

Usimpime mtu akipanda. Mapafu mazuri yatamfikisha yeyote. Mtazame akishuka. Magoti yamelegea kidogo, hatua ni fupi, unyayo mzima unagusa ardhi. Uzito hauhamishi mpaka mguu wa mbele umepata pa kushika, na kama haujapata, anaurudisha bila haraka. Mzizi uliolowa haukanyagi, anauvuka. Mti hauegemei kabla ya kuutikisa, maana msituni miti iliyooza hubaki imesimama muda mrefu. Fimbo yake hutangulia chini, ikipima tope kabla ya mguu. Ukimfuata utagundua kwamba hatazami miguu yake. Macho yako hatua tatu au nne mbele, na miguu inakumbuka yenyewe kile ambacho macho yaliona punde.

Njia ya Ngosi ndiyo darasa bora la haya. Kutoka Uyole unashika barabara ya Tukuyu, kisha unaiacha na kuingia msituni, kwenye migomba-mwitu, mianzi na madimbwi, mpaka ukingo wa kreta ulio kwenye mita 2,600 hivi, ziwa likiwa chini kabisa ya kuta zake. Udongo wa pale umetokana na majivu ya volkano. Ukiwa mkavu ni mwepesi na unamomonyoka, ukiloa unateleza kama sabuni. Na mvua ya upande huu wa Rungwe si ya kubahatisha: Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka.

Hapo kwenye tope ndipo nilipoelewa jambo ninalolithamini kuliko yote katika ufundi huu. Mtu asiyezoea akifika kwenye tope hupita pembeni, juu ya majani, ili asichafue viatu. Wa pili humfuata. Baada ya msimu mmoja majani ya pembeni yamekufa na njia imepanuka, na maji ya mvua yamepata mfereji mpya wa kuteremkia. Msimu wa pili mfereji umekuwa korongo lenye mizizi iliyoning’inia, na hapo ndipo mtu atakapovunja kifundo cha mguu. Mzoefu hupita katikati ya tope, mguu baada ya mguu, viatu vikijaa. Kwake kulinda mlima na kulinda binadamu ni hatua ileile moja.

Majira yanabadilisha kila kitu isipokuwa hilo. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na Rungwe hadi Mei. Miezi hiyo mawingu hujikusanya adhuhuri na radi hupiga mchana, kwa hiyo safari huanza jua linapochomoza na kilele huachwa mapema. Waongozaji husikiliza ngurumo na kuhesabu: kila sekunde tatu kati ya mwanga na sauti ni kama kilometa moja. Hesabu ikishuka chini ya sekunde 30, kundi linaondoka mgongoni mwa mlima bila mjadala, halijifichi chini ya mti uliosimama peke yake, na watu wanaachiana nafasi. Mito nayo hubadilika kwa saa chache. Kijito ulichokivuka asubuhi kwa kuruka jiwe kinaweza jioni kukufika mapajani, na maji ya kasi yanayopita goti si ya kujaribiwa. Unasubiri yapungue, hata kama ni kulala na njaa.

Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, wageni hukiona salama kwa sababu ni kikavu. Ndicho kinachowakamata. Joto hupungua karibu nyuzi sita kwa kila mita 1,000 unazopanda, na upepo unaongeza yake. Kwenye uwanda wa Kitulo, ulio juu ya mita 2,500, umande hugeuka barafu juu ya nyasi. Fulana ya pamba iliyolowa jasho wakati wa kupanda huwa adui ukisimama kupumzika kileleni, ndiyo maana mzoefu hutembea akiwa amevaa kidogo na kuvaa sweta mara tu anapokaa, kabla baridi haijamwambia. Ukungu nao huja bila hodi. Ukija, kundi husimama pamoja mpaka njia ionekane, na mwenye filimbi huipuliza.

Kuanzia Septemba hatari ni moto. Nyasi zimekauka, maji ya chemchemi yamepungua, na njiti moja ya kibiriti au mwenge wa kurina asali unaweza kuchoma mteremko mzima. Moto hupanda mlima haraka kuliko mtu. Ukiuona chini yako, usikimbilie kileleni. Kata pembeni, utafute mwamba mtupu au mahali palipokwisha kuungua. Watu ninaowasifu hawawashi moto kabisa miezi hiyo. Hubeba viazi vilivyochemshwa nyumbani, ndizi na karanga, na maganda ya karanga hurudi nayo mfukoni.

Kitulo imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2005, kilometa za mraba zipatazo 412, na kuanzia Desemba hadi Aprili huchanua okidi na maua mengine kiasi kwamba wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ni wakati uleule wa mvua, ardhi ikiwa laini na buti likiacha shimo. Okidi huota kutoka kwenye kiazi kidogo kilicho chini ya udongo. Viazi hivyo vimechimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia kutengenezwa chakula kiitwacho chikanda, kwa hiyo vilivyobaki havina nafasi ya kukanyagwa bure. Nimeona mwongozaji akisimamisha kundi zima, akatafuta jiwe hadi jiwe, kisha akawaonyesha watu kumi wapite wapi bila kulaza ua hata moja.

Utulivu huo una malipo. Kipunji, kima wa miti ya juu aliyeingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka 2005, watafiti walimfuatilia Rungwe mwaka 2003 baada ya kusikia habari zake kwa wawindaji wa pale, ambao walikwisha kumpa jina. Sensa ya kwanza ilikadiria wapo 1,117 tu, Rungwe na Udzungwa kwa pamoja. Kundi linalopiga kelele halitawaona.

Katika kundi, aliye mchovu zaidi hutangulia mbele, na mwenye nguvu hukaa nyuma. Saa ya kugeuka hupangwa nyumbani, si mlimani, na kilele kikiwa bado dakika kumi juu, saa hiyo bado inaheshimiwa. Mwezi wa sita jua la Mbeya huzama saa 12 na nusu jioni hivi, na giza halichelewi.

Mvua zinapokatika, kabla wageni wa kipupwe hawajaanza kuja, njia inayotunzwa vizuri hupitiwa kwa jembe. Mifereji midogo hukatwa kwa mshazari, kila mmoja juu kidogo ya sehemu kali, ili maji yatoke kando kabla hayajapata kasi. Mfereji ukiwa mlalo mno unajaa tope mvua ya kwanza tu, ukielekea chini mno unachimba udongo. Mwenye kujua huinama, akautazama mteremko kwa jicho moja, akamwaga maji kidogo ya chupa aone yanakokwenda, ndipo ainue jembe.