Mashine ya Stoo: Kompyuta Kuukuu za Pwani na Namna ya Kuzihamisha

Anayezunguka Bagamoyo akiulizia Commodore 64 anatafuta embe chini ya mnazi. Huko Ulaya kompyuta kuukuu hutoka chumbani kwa mtoto: mzazi aliinunua, mtoto akacheza nayo mpaka akaoa, ikapandishwa darini, na miaka 30 baadaye ikauzwa pamoja na baiskeli. Kwetu njia hiyo haikuwapo. Mashine zetu zilipita mlango mwingine, na mkusanyaji asiyeujua mlango huo hatajua atafute wapi, alipe kiasi gani, wala aanze na nini akishaibeba nyumbani.

Kompyuta ya kwanza Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ikafuatwa na ICL 1900, na kazi ya kuhamishia hesabu za Hazina kwenye mashine ikaenda kombo kwa gharama kubwa. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na televisheni zikawekwa kapu moja nazo. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa kidogokidogo, lakini haikuondoka hadi miaka ya 1990. Kati ya hapo aliyetaka kompyuta alihitaji kibali, na mtu binafsi wa Bagamoyo hakuwa na sababu ya kukiomba wala tamaa ya kukipata.

Watu hukumbuka marufuku ya kompyuta na kusahau kwamba ile ya televisheni ndiyo iliyoumiza zaidi mashine za nyumbani. ZX Spectrum ya Sinclair, iliyotoka Aprili 1982, haikuja na skrini. Ilichomekwa kwenye tundu la antena la televisheni, kisha mtu akaitafuta picha kwenye chaneli ya 36 ya UHF. Commodore 64 nayo ilitegemea televisheni ya sebuleni. Kwa hiyo hata kama mjomba aliyekuwa London angeificha Spectrum ndani ya sanduku la nguo, Bara ingefika na kukosa kioo cha kujionyesha. Vituo vya televisheni vya Bara vilianza mwaka 1994, na kufikia hapo kompyuta za aina hiyo zilishapitwa na wakati hata kwao.

Zanzibar ni habari nyingine. TVZ ilianza mwaka 1973, tena kwa rangi, na seti za televisheni zilikuwa majumbani. Mwenye antena ndefu Bagamoyo angeweza kunasa mawimbi yake kutoka ng'ambo ya bahari, lakini kuwa na seti kulihitaji ujasiri au uhusiano. Ndiyo maana kama ningetumwa kutafuta Spectrum katika mwambao huu, ningepanda boti kwenda Unguja kabla ya kugonga mlango wowote wa Dunda au Magomeni hapa Bagamoyo. Atakayeipata huko aangalie jambo moja: mfumo wa PAL wa Uingereza na ule wa bara la Ulaya hutofautiana katika kubeba sauti. Spectrum haijali, kwa kuwa inalia yenyewe kwa kispika chake kidogo. Commodore ya Uingereza, ambayo sauti yake hupitia televisheni, inaweza kuonyesha picha safi huku ikiwa bubu, na muuzaji akaiita mbovu bure.

Sasa turudi Bara, kwenye mashine zilizopata kibali. Hizo ni za ofisi: IBM PC ya Agosti 1981 yenye prosesa ya 8088 iendayo megahezi 4.77, XT na AT zilizoifuata, na ndugu zake wa bei nafuu kutoka Asia. Ziliingia kupitia chuo kikuu, mashirika ya umma, balozi, misheni na miradi ya wafadhili. Kwa umbo hazina mvuto. Ni masanduku ya bati, mazito, rangi ya maziwa yaliyochacha. Kazi zilizofanya, hata hivyo, zinastahili heshima kuliko michezo yote ya Spectrum.

Chukua barua pepe. Kabla ya intaneti kufika, vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe viliunganishwa na mtandao wa ESANET, ambao kitovu chake kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Ulitumia FidoNet, mfumo uliobuniwa na Mmarekani Tom Jennings mwaka 1984 kwa ajili ya kompyuta za watu wa kawaida na simu za kawaida. Utaratibu wake ulikuwa hivi. Mchana kutwa watu waliandika barua, nazo zikakaa ndani ya diski. Usiku programu ilizikusanya, ikazibana kuwa furushi moja, ikapiga simu kwa modemu, ikalikabidhi furushi upande wa pili, ikapokea la kurudi, ikakata. Laini ikikatika katikati, itifaki ya Zmodem iliendelea pale ilipoishia bila kuanza upya, na kwa simu za miaka ile hilo pekee lilitosha kuamua kama barua itafika au haitafika. London, shirika la GreenNet lilikuwa lango la kwenda kwingineko duniani. Kwa upande wa tiba, HealthNet ilifikisha barua na makala za kitaalamu kwa madaktari wa Afrika, Tanzania ikiwamo, ikitumia hata setilaiti ndogo iliyopita juu ya mtu mara chache kwa siku. Kazi yote hiyo iliwezekana kwa XT yenye kilobaiti 640 za memori. Ukikuta mashine ya namna hii imelala na modemu yake pembeni, hasa ya Telebit, usiwatenganishe.

Hapo ndipo bei inapopaswa kuamuliwa, na hapo ndipo biashara yetu inapokosea. Bati la XT si adimu. Zilitengenezwa kwa mamilioni. Kilicho adimu ni karatasi iliyobandikwa ubavuni yenye jina la mradi na namba ya mali, na diski iliyo ndani. Stika hiyo inaeleza ni nani aliyeomba kibali na kwa kazi gani. Diski ina barua, ripoti, orodha za wagonjwa au za mbegu, na pengine programu ambazo hazikuandikwa mahali pengine popote. Hata mashine changa zaidi, za Pentium 4, zinaweza kubeba kitu cha namna hiyo: Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa 2004. Kompyuta iliyotumia programu hiyo kazini kwa kweli, na nyaraka zake zikiwamo, mimi ningeilipia kuliko Commodore mpya ndani ya boksi.

Lakini tazama mashine inavyohama. Mali ya serikali haiuzwi kwa mazungumzo ya dirishani. Hukaguliwa, hufutwa kwenye daftari, kisha hupigwa mnada au kutangaziwa zabuni, mara nyingi kwa fungu: kompyuta 12, viti vilivyovunjika, feni na jenereta moja kwa mkupuo. Anayeshinda fungu huwa anataka jenereta. Kompyuta huishia kwa fundi au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Fundi hutoa memori na pawa saplai, shaba huenda kwa kilo, mazabodi huuzwa kwa wanaosaka dhahabu kidogo iliyomo. Diski hufutwa ili iuzwe tena, au hupigwa nyundo. Stika hubanduliwa kwanza, kwa hofu kwamba mwenye mali atarudi kuidai. Simlaumu fundi, anakula kwa spea. Kosa ni la mkusanyaji anayekwenda Kariakoo baada ya mashine kuchinjwa badala ya kwenda mnadani kabla na kumwomba mshindi wa fungu amuuzie kitu ambacho mwenyewe hakukitaka, na risiti yake juu.

Risiti si urembo. Namba ya mali bila risiti ya mnada hukufanya uonekane mwizi. Diski nayo ina mtego wake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na majina ya wagonjwa hayawi yako kwa kuwa umenunua bati. Utaratibu wa haki ni kunakili diski nzima mara moja, kuifungia nakala hiyo, kuiuliza taasisi iliyokuwa na mashine, na kutomwonyesha mtu yeyote yaliyomo kabla ya jibu. Kazi ya kuamua kipi kiende kwenye nyaraka za taifa si ya mtu mwenye bisibisi.

Kusafirisha kuna somo lake. Diski za zamani kama Seagate ST-225 ya megabaiti 20 haziegeshi vichwa vyake zenyewe umeme unapozimwa. Mashine iliyo hai lazima ipewe amri ya kuegesha vichwa kwanza, la sivyo matuta ya kati ya Makumbusho na Bagamoyo yatakwangua sahani yenye data. Kwenye mlango wa flopi ingiza kadi ngumu ili vichwa visigongane. Skrini ya kioo ipande na abiria, isilazwe kwenye buti la basi. Ikiwa mashine imetoka Marekani au imepitia Dubai, tazama swichi nyekundu nyuma ya pawa saplai: ikiwa kwenye 115, umeme wetu wa volti 230 utaiua kwa mlio mmoja.

Flopi zikague kwenye mwanga kabla ya kuzisoma. Kuvu la pwani huota juu ya uso wa sumaku kama vumbi jeupe, na flopi moja chafu huharibu vichwa vitakavyosoma nyingine zote. Kifaa kidogo cha Greaseweazle kinasoma flopi kupitia kompyuta ya leo. Ila usiandike kamwe juu ya flopi ya kilobaiti 360 kwa kutumia drivu ya megabaiti 1.2: njia yake ni nyembamba mno, na drivu ya asili haitaisoma vizuri tena.

Kisha kuna adui wa nyumbani. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji hewani unyevu ukipita asilimia 75, na usiku wa Bagamoyo huvuka hapo bila shida. Vumbi lililotua juu ya mazabodi, jirani na mashamba ya chumvi ya Nunge, hugeuka utando unaopitisha umeme. Mchana linakauka, usiku linaamka, na kila mzunguko shaba inapungua. Osha bodi kwa maji yaliyosafishwa na mswaki laini, malizia kwa spiriti, kausha kivulini penye upepo, kisha hifadhi ndani ya boksi linalofunga na vifuko vya kukausha unyevu. Ziba matundu: mjusi mmoja ndani ya pawa saplai anatosha.

Hatari kubwa kuliko zote ni betri. Mazabodi nyingi za 286 na 386 zina kipipa cha nikeli na kadmiamu kinacholinda saa, na baada ya miaka kipipa hicho huvuja. Mafundi wengi hukimbilia magadi, kwa mazoea ya betri za magari. Si sahihi: kinachovuja hapa ni alkali, na magadi ni alkali vilevile. Dawa yake ni siki au maji ya ndimu, kisha maji safi, kisha spiriti.

Kwa hiyo, ikiwa stoo ya shule, zahanati, misheni au ofisi yako, kuanzia Bagamoyo hadi Pangani, ina sanduku la bati la zamani, usiliwashe kuona kama bado linafanya kazi. Lifungue, likate betri, ulipige picha pamoja na stika yake, na diski uiache ilivyo mpaka apatikane mtu wa kuinakili.