Kastri: mlango mmoja, makanisa mawili

Ngazi zile tumezipanda sote na Donna, yaani Meryl Streep. Takriban 200, bahari huku na huku, na juu kabisa kikanisa cheupe cha Agios Ioannis kwenye jabali la Kastri, kisiwani Skopelos, kama mita 100 kutoka majini. Mlango unafunguka, na ghafla tumo ukumbini. Hapo ndipo Phyllida Lloyd alipokitia mchanga kitumbua cha Mamma Mia! (2008).

Irudieni kata ile. Nje, upepo ulikuwa unapigana na shali ya Meryl Streep. Ndani umekufa kabisa, kwa sababu ndani si Skopelos tena. Ni seti ya studio, Uingereza. Kikanisa chenyewe kikiingiza padri, maharusi, msimamizi na jamaa wachache, waliobaki watasukumana mlangoni. Ndani ya filamu wameingia waalikwa wote, wamekaa raha mustarehe, na nafasi ya kucheza imebaki! Jengo limevimba mara kadhaa kati ya shoti moja na nyingine. Kwa hiyo ule mlima wote, jasho lote lile, umetufikisha wapi?

Wasomaji wa siku nyingi mnaujua ugomvi wangu na studio. Mtaniambia hii ni filamu ya nyimbo, si ya ukweli. Haya, tuzungumze nyimbo. Harusi ya Kiorthodoksi ya Kigiriki haina viapo vya kutamka. Bwana na bibi harusi hawajibu "ndiyo" wala "nakubali". Huvikwa mataji yaliyofungwa kwa utepe, yanabadilishwa vichwani mara 3, kisha padri anawaongoza kuizunguka meza mara 3 huku ikiimbwa Ngoma ya Isaya. Waliowahi kualikwa harusi ya Waorthodoksi pale Riruta, Nairobi, wanajua ninachosema. Mwongozaji wa filamu ya nyimbo na ngoma amepewa kanisa lenye ngoma yake, bure, akaiacha mlangoni. Kilele kizima akakitundika kwenye "nakubali" ya ABBA, neno ambalo padri wa pale haulizi mtu.

Wimbo wa Streep pale ngazini sina neno nao. Ndio bora kuliko yote humo.

Lakini mlango ulipofunguka, kamera ingebaki kizingitini. Waalikwa wasimame nje juu ya jabali, wakichungulia na kupashana kilichosemwa ndani: bibi harusi Sophie kaghairi, mama yake Donna ndiye anaolewa! Habari ingeshuka ngazi kwa ngazi, wimbo nyuma yake. Udogo wa kikanisa ndio uliokuwa mchezo wenyewe.

Michael Cacoyannis aliliona hilo mwaka 1964, kule Krete. Katika Zorba the Greek, mjane, yaani Irene Papas, anazingirwa uwanjani, nje ya kanisa. Ukuta, mawe, wanaume waliovaa nyeusi, basi. Walter Lassally aliipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe, akaondoka na Oscar. Pale mahali penyewe panafanya kazi ya mwigizaji. Kastri pamefanywa kadi ya posta.

Tangu filamu itoke, wageni hufunga safari hadi Skopelos kuoana juu ya jabali lile. Kikanisa hakiwatoshi. Wengi husimama nje.