Jogoo au Mtetea? Kumsoma Kifaranga Asiyejulikana Ukoo

Kifaranga wa dukani huja na maelezo yake: aina, siku aliyototolewa, chanjo aliyopewa, na mara nyingi jinsi. Aliyeokolewa hana hata moja kati ya hayo. Ameokotwa na wenzake ndani ya boksi kando ya soko, au ameachwa kwenye banda la mfugaji aliyehama, au amenunuliwa kwa huruma kutoka kwa mchuuzi ambaye naye hajui alikotoka. Akishapewa maji na joto, mwenyeji wake huanza kuuliza: huyu atataga au atawika?

Majibu hayakosekani. Kila jirani ana dalili yake, na kwenye simu picha za mabawa na rangi zinazunguka kila siku. Shida ni kwamba nyingi ya dalili hizo ni za kweli mahali zilikotoka, kwa kuwa zilitengenezwa kwa ajili ya vifaranga ambao wazazi wao wanajulikana. Muondoe mzazi kwenye hesabu, na dalili inabaki haina pa kusimama. Kwa hiyo inafaa kwanza tuone kiwanda cha kutotolesha vifaranga kinatambuaje jinsi, ndipo tujue ni kipi cha kiwanda kinachoweza kumsaidia mtu mwenye boksi la mayatima.

Vifaranga wengi wanaookolewa mijini ni mabaki ya kiwanda chenyewe. Jogoo wa kuku wa mayai wa kisasa hatagi, na nyama yake hukua polepole mno kushindana na kuku wa nyama. Inakadiriwa kuwa duniani kote majogoo wa namna hiyo wapatao bilioni 7 huuawa kila mwaka wakiwa na umri wa siku moja. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia Januari 2022, na viwanda vya huko vimelazimika kutafuta njia za kujua jinsi yai likiwa bado halijatotolewa. Huku kwetu wengi huuzwa kwa bei ya kutupa na kuzungushwa mitaani.

Lakini kiwanda kiliwajuaje siku ya kwanza? Kwa kuku, anayeamua jinsi ya mtoto ni mama. Jogoo ana kromosomu mbili za jinsi zinazofanana, Z na Z. Kuku jike ana Z moja na W moja. Mama akitoa W anapatikana mtetea, akitoa Z anapatikana jogoo. (Kwa binadamu ni kinyume, baba ndiye mwenye uamuzi, ingawa lawama bado hupelekwa kwa mke.) Matokeo yake ni kwamba jeni yoyote iliyokaa kwenye Z ya mama huenda kwa watoto wa kiume peke yao. Ukichagua mama mwenye jeni ya rangi inayoonekana kwa macho, umewavisha wanawe wa kiume sare kabla hawajatoka kwenye ganda.

Ndivyo walivyotengenezwa kuku wa mayai wa rangi ya kahawia tunaowaona kwenye mabanda mengi. Mama zao wana jeni ya manyoya meupe, ambayo wataalamu huiita ya fedha. Baba zao wana ya wekundu, yaani ya dhahabu. Ya fedha huishinda ya dhahabu. Mwana wa kiume hupokea ya fedha kutoka kwa mama na kutotolewa akiwa wa manjano iliyopauka. Binti hapokei Z ya mama kabisa, anabaki na ya dhahabu aliyopewa na baba, na hutoka akiwa wa kahawia. Mfanyakazi wa kiwanda hana haja ya kumpindua kifaranga. Anatazama rangi na kuwatenga. Mwingereza Reginald Punnett, mwanasayansi wa urithi, alipendekeza kutumia rangi kwa namna hii wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chakula kilipokuwa haba na watu hawakutaka kulisha majogoo wasiowahitaji. Mwaka 1929 yeye na Michael Pease walitangaza Cambar, kuku wa kwanza aliyezalishwa Cambridge ili rangi ya vifaranga itaje jinsi kila kizazi bila kuhitaji kuchanganya aina mbili.

Sasa lisome boksi kinyumenyume. Umeletewa vifaranga wa manjano watupu. Wanaweza kuwa majogoo wa kuku wa kahawia, waliotengwa na kuuzwa rahisi. Hapo wote ni majogoo. Wanaweza pia kuwa kuku wa nyama, ambao jinsi zote mbili ni za manjano. Au ni wa ukoo wa Leghorn, kuku mweupe wa mayai, ambaye vifaranga wake nao ni wa manjano wote, jike na dume. Rangi moja, maana tatu. Mizani ndiyo inayoondoa moja haraka: kuku wa nyama aliyelishwa vizuri hupita kilo 2 akiwa na wiki sita, wakati jogoo wa kuku wa mayai wa umri huohuo yuko karibu na nusu kilo. Hata bila mizani, miguu minene na kifua kipana huonekana mapema, wiki ya pili au ya tatu. Kutenganisha hao wengine wawili kunahitaji muda. Jogoo wa ukoo wa kahawia akiota manyoya, weupe wake huwa na mabaka mekundu hapa na pale. Leghorn hubaki mweupe safi, mwembamba, na ndewe za masikio yake ni nyeupe.

Kama boksi lina rangi za kila namna, nyeusi, madoa, kahawia, mistari mgongoni, rangi haikuambii kitu kuhusu jinsi. Hao ni chotara au wa kienyeji. Na mtego mwingine uko kwa wale waliototoleshwa nyumbani kutokana na kuku wa kahawia wa kiwandani waliopandwa na majogoo wa ukoo uleule. Katika kizazi hicho cha pili jeni zimechanganyika upya, rangi zote mbili hutokea kwa majike na madume sawasawa. Mtu anaona kifaranga wa kahawia, anamwita mtetea, na miezi minne baadaye anaamshwa na jogoo.

Dalili ya bawa ina hadithi inayofanana. Fungua bawa la kifaranga wa siku moja na utazame safu mbili za vishina vya manyoya: iliyo chini, ndiyo itakayokuwa manyoya makuu ya kurukia, na iliyo juu, inayoyafunika. Kwa mtetea safu ya chini huwa ndefu waziwazi kuliko ya juu. Kwa jogoo zinalingana, au ya juu imeipita ya chini. Ni kweli kabisa, kwa vifaranga ambao baba yao ni wa ukoo unaoota manyoya haraka na mama yao ni wa ukoo unaochelewa. Jeni ya kuchelewa iko kwenye Z, nayo hupita kwa njia ileile ya rangi. Pasipo mpango huo wa wazazi, kuku jike na dume wa kienyeji wanaweza kuwa na mabawa ya aina yoyote kati ya hizo. Na hata palipo na mpango, dirisha lake ni siku ya kwanza na ya pili tu. Baada ya hapo safu zote zimeshakua na tofauti imepotea. Ni nadra sana kifaranga wa kuokolewa kukufikia ndani ya saa hizo. Picha ya bawa iliyoko kwenye simu yako, basi, ni ya kweli na haikusaidii.

Njia kuu ya siku ya kwanza isiyotegemea wazazi ni ya kufungua tundu la haja na kutafuta kijivimbe kidogo ndani yake. Wajapani Kiyoshi Masui na Juro Hashimoto waliichambua miaka ya 1920, na kitabu chao kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1933. Wataalamu wa Kijapani wakaanza kuajiriwa na viwanda vya Marekani na Ulaya. Fundi aliyebobea hupitisha vifaranga kama 1,000 kwa saa bila kukosea ila wachache. Lakini mafunzo yake ni ya muda mrefu, baadhi ya majike nao wana kijivimbe kinachodanganya, na mkono usiozoea ukikaza tumbo ambalo bado lina kiini cha yai huweza kumwua kifaranga. Nyumbani usijaribu.

Yaliyobaki ya siku za mwanzo hayahitaji maneno mengi. Kumning'iniza kifaranga uone atatulia au atapigapiga miguu kunapima hasira yake tu. Kuhusu umbo la yai, mabishano ni ya kale: Aristotle aliandika kwamba yai refu lililochongoka hutoa jike, na Columella wa Roma akashauri kuatamisha marefu yaliyochongoka ukitaka majogoo. Hakuna aliyekuwa sahihi. Joto la mashine nalo haliwageuzi mitetea kuwa majogoo, likizidi, linaua.

Kwa hiyo mwenye boksi anasubiri, na kusubiri kwenyewe kuna ufundi wake. Kuna mashahidi wawili wa kutegemewa, na kinachowapa nguvu ni kwamba kila mmoja ametoka upande wake.

Wa kwanza ni upanga wa kichwani. Mwaka 1849 huko Göttingen, mwanasayansi Arnold Berthold aliwahasi majogoo wachanga na kuona panga zao zimegoma kukua, hawawiki wala hawagombani. Wale aliowarudishia korodani, hata alipozipandikiza tumboni, walikua majogoo kamili. Upanga unasoma homoni ya kiume iliyomo kwenye damu. Kuanzia wiki ya tano hivi, upanga wa jogoo huvimba na kuingia wekundu, na ndevu za chini ya mdomo zikaanza kuonekana. Wa mtetea hubaki mdogo, wa manjano au waridi hafifu. Shahidi huyu ana kasoro mbili. Mtetea anayekaribia kutaga, wiki ya kumi na sita na kuendelea, naye upanga wake huwa mwekundu, kwa hiyo ushahidi huu una mwisho. Tena upanga hupauka kwa ugonjwa na njaa. Kijogoo aliyeharisha damu au aliyelishwa pumba tupu anaweza kuonekana mtetea mpaka apone, na vifaranga wa kuokolewa ndio hasa walio katika hali hiyo. Ndiyo maana hukumu ya upanga haitolewi kabla hawajala vizuri wiki kadhaa.

Wa pili ni umbo la unyoya. Mshike kuku, mgeuzie mwanga, na umlaze ubavu. Pale mgongo unapokutana na mkia, vuta unyoya mmojammoja kwa vidole bila kuung'oa. Wa jogoo ni mwembamba, umechongoka nchani na unang'aa. Kingo zake zimeachana nyuzinyuzi. Wa mtetea ni mpana na ncha yake ni mviringo. Manyoya ya utotoni yanafanana kwa jinsi zote, hivyo usianze kutafuta kabla ya wiki ya nane; kati ya wiki ya tisa na ya kumi na mbili unyoya mpya hujitokeza katikati ya yale ya zamani, na mmoja tu uliochongoka unatosha. Umbo hili halitokani na homoni ya kiume. Jogoo aliyehasiwa huendelea kuwa na manyoya ya kijogoo. Ni estrojeni ya kuku jike inayoyafanya mviringo, na ovari ikiharibika, hata kuku mzima anaweza kuota manyoya ya jogoo. Upanga unasema homoni ya kiume ipo, unyoya unasema ya kike haipo. Wakikubaliana, usimwulize jirani.

Aina za kwetu zinahitaji subira zaidi. Kuchi ana upanga mdogo uliobanana kichwani hata akiwa jogoo mzima, kwa hiyo wiki ya sita haitakuambia kitu. Mngojee manyoya ya kiunoni. Kishingo amekosa manyoya ya shingo tangu kuzaliwa, jike kwa dume, hivyo usitafute huko dalili ya jinsi. Urefu wa miguu na ubabe wa kugombana havina uzito kwa Kuchi, maana hata mitetea wake ni warefu na wagomvi. Linganisha kuku na wenzake wa umri na aina moja tu. Kumweka kijogoo wa kienyeji mbele ya mtetea wa kisasa na kupima panga zao ni kupoteza siku.

Wakati unangoja, mfunge kila mmoja uzi wa rangi mguuni na uandike kwenye daftari unavyodhani wewe na kwa dalili gani. Ukague uzi kila wiki, kwa sababu mguu unakua na uzi haukui. Daftari hilo ndilo litakalokuonyesha ni dalili ipi kati ya zako inayofaa kwa kuku wa eneo lako, jambo ambalo picha ya simuni haiwezi. Ukishawajua, watenge, majogoo wakibaki wengi bandani watawachosha mitetea, na mmoja anatosha kwa majike wanane hadi kumi, mradi asiwe ndugu yao ikiwa unataka kuzalisha.

Na siku mchuuzi atakapokuuzia vifaranga mchanganyiko wa wiki mbili kwa bei ya mitetea, akiapa kwamba wote ni majike, mwambie akuonyeshe wazazi. Asipoweza, lipa bei ya mchanganyiko.