Gitaa Limevuka, Fumbo Limebaki: Uhakiki wa Santuri ya Piny Ose Mer ya D. O. Misiani

1. Utangulizi

Mwaka 1989 kampuni mbili za London zilitoa santuri mbili ndefu za msanii mmoja, Daniel Owino Misiani, na bendi yake ya Shirati. Ile iliyotolewa na Earthworks iliitwa Benga Blast! Ile ya GlobeStyle iliitwa Piny Ose Mer, na jina hilo likaambatanishwa na tafsiri ya Kiingereza yenye maana ya ulimwengu uliopinduka, miguu juu kichwa chini. Jina la kwanza linamwahidi mnunuzi mdundo. Jina la pili linamwahidi neno.

Benga ina nafasi katika Kenya inayokaribiana na ile ya muziki wa kantri katika Marekani. Ni muziki wa gitaa na wa masimulizi, uliojaa majina ya watu na vijiji, na mwimbaji wake ni mtu wa shamba aliyehamia mjini bila kuacha lafudhi yake. Kama ilivyo kantri, huzushiwa swali lilelile kila inapopata wasikilizaji wa mbali: je, imevuka ikiwa nzima? Makala hii inakusudia kulijibu swali hilo kwa kuiangalia Piny Ose Mer. Hoja yake ni kwamba benga ilikuwa na mlango wa mgeni katika umbo lake lenyewe, muda mrefu kabla ya London. Hata hivyo fumbo, ambalo ndilo kiini cha usanii wa Misiani, halikupita katika mlango huo.

2. Msanii na hadhira ya nyumbani

Misiani alizaliwa mwaka 1940 huko Shirati, Tanganyika, mahali palipo karibu na mpaka. Ng'ambo ya mpaka huo ndiko Migori, na kaskazini yake Homa Bay. Maeneo haya mawili, ambayo tangu 2013 ni kaunti zenye serikali zake, hapo awali yalikuwa sehemu ya wilaya ya Nyanza Kusini. Waluo wanaishi pande zote mbili za mpaka, kadhalika Wakuria. Katika Homa Bay, hasa visiwani Rusinga na Mfangano, wamo Abasuba, ambao lugha yao imezidi kuipisha Kijaluo kizazi baada ya kizazi.

Ukweli huu una uzito wa kihakiki. Ni kawaida kuigawa hadhira ya benga katika makundi mawili, yaani wenyeji wanaoelewa kila neno na wageni wa Ulaya wasioelewa lolote. Mgawanyo huo haufai. Katika Migori na Homa Bay kwenyewe, wimbo wa Kijaluo ulisikika na masikio ya viwango mbalimbali vya lugha: aliyezaliwa nayo, aliyejifunza, na aliyeingia dansini kwa sababu ya gitaa tu. Benga ilikulia mpakani, na sanaa ya mpakani huzoea kusikilizwa nusunusu.

3. Umbo lenye milango miwili

Kabla ya santuri ndefu, benga iliuzwa katika sahani ndogo zilizozunguka mara 45 kwa dakika. Wimbo mmoja uligawanywa pande mbili. Kwa kawaida upande wa kwanza ulibeba masimulizi: mwimbaji na waitikiaji wake wanaeleza kisa, wanataja majina, wanatoa onyo au sifa. Upande wa pili uliachiwa gitaa kwa sehemu kubwa. Gitaa la kwanza linakimbia juu ya nyuzi kwa mtindo uliotokana na uchezaji wa nyatiti, chombo cha nyuzi nane. Besi nayo haifuati nyuma kama mtumishi bali inajibizana nalo.

Kwa mtazamo wa fani, upande wa kwanza ni wa anayejua lugha, na upande wa pili ni wa yeyote mwenye miguu. Hapa ndipo penye siri ya benga kuenea. Ilienea kwa Wakikuyu, Wakamba na Wakalenjin, ambao waliunda benga katika lugha zao. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, kwa mfano, waliongeza hadhira kwa kuimba Kiswahili pamoja na Kikamba. Misiani naye alibaki hasa katika Kijaluo, akaliachia gitaa kazi ya mkalimani.

Ushahidi mkubwa zaidi unatoka Zimbabwe. Huko sahani za mtayarishaji P. O. Kanindo, mwenyeji wa Nyanza Kusini, zilipendwa mno hata muziki wenyewe ukaitwa kanindo, na ukachangia kuundwa kwa sungura. Wasikilizaji hao waliupa utanzu mzima jina waliloweza kulisoma kwenye sahani. Waliupokea upande wa pili kwa ukamilifu. Kuhusu upande wa kwanza walibakiwa na jina la mwenye kampuni.

Kwa hiyo dai kwamba santuri za London ziliichujua benga ili kumpendeza mzungu halina msingi wa kutosha. London iliukuta mlango ukiwa wazi.

4. Fumbo lililobaki

Hata hivyo si haki kuhitimisha kwamba hapakuwa na hasara. Mfano ulio karibu zaidi ni jina lenyewe. Piny ose mer, kwa maana ya neno kwa neno, ni piny imelewa. Tafsiri ya Kiingereza imeondoa ulevi ikaweka kupinduka. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kitu kilichopinduka hakina lawama. Huenda ni upepo uliokipindua. Aliyelewa amekunywa, na aliyekunywa alimiminiwa. Ulevi unazua maswali ambayo kupinduka hakuyazui: nani alipika pombe hiyo, nani aliinunua, na nani atalipa asubuhi? Zaidi ya hayo, wimbo wa namna hii huchezwa mahali ambapo watu wanakunywa. Fumbo linamgeukia msikilizaji mwenye chupa mkononi na kumhesabu miongoni mwa washtakiwa. Kejeli hiyo haipo kabisa katika jina la Kiingereza.

Lipo pia neno piny. Katika Kijaluo linaweza kuwa ulimwengu, na linaweza kuwa nchi. Msikilizaji wa Homa Bay ana hiari ya kusikia kilio cha mzee kuhusu maadili ya dunia, au kusikia habari za nchi fulani yenye serikali fulani. Santuri ilitoka mwaka 1989, Kenya ikiwa bado na chama kimoja kwa mujibu wa sheria, na uchaguzi wa mlolongo wa 1988 ukiwa haujasahaulika. Hakuna haja ya kudai kwamba msanii alimlenga mtawala yeyote. Inatosha kwamba neno lake liliruhusu usikivu wa aina mbili. Kwa mtu aliyewahi kukamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake, na aliyezaliwa nje ya Kenya, utata huo haukuwa pambo la lugha. Ulikuwa ngao. Tafsiri ilipochagua ulimwengu peke yake, iliivua ngao hiyo pamoja na vita vyenyewe.

Hasara ya pili inahusu majina. Benga imerithi pakruok, desturi ya mtu kuusimamisha muziki kwa malipo ili ajisifu au amsifu rafiki. Majina yanayotajwa katika benga ni mabaki ya desturi hiyo, na kwa msikilizaji wa nyumbani ni ramani ya undugu, madeni na heshima. Kwa asiyeyajua ni sauti tamu tu. Santuri haiwezi kulaumiwa kwa jambo hili, lakini mhakiki anayelinyamazia anahakiki nusu ya kazi.

5. Hitimisho

Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet, mashariki ya Nyanza, wasichana wa Kikipsigis wakimwimba Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyesikika huko kwa gramafoni. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana hao walimfanya kiumbe nusu mtu nusu paa. Sauti ilivuka bahari bila maneno yake, na waliopokea wakaijaza maneno yao. Hilo si kosa, ni uumbaji. Dansi za London na Harare ziliifanyia benga jambo hilohilo.

Lakini haki ya mgeni kuumba upya haimwondolei mwenyeji wajibu wa kuhifadhi. Misiani alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 2006. Mwaka 2010 kampuni ya Sterns ilikusanya nyimbo zake za miaka ya 1970 chini ya jina linalomwita Mfalme wa Historia. Iwapo ni mfalme wa historia, matini zake zinastahili kuandikwa, kufasiriwa na kufafanuliwa kwa kina kilekile wanachopewa washairi wa Lamu na Mombasa.

Kiswahili kina nafasi katika kazi hiyo, kwa kuwa kinaweza kusema imelewa pasipo kulipinda neno. Lakini nacho kitafika mahali pa kuchagua kati ya dunia na nchi, na mfasiri atakapochagua atakuwa ameamua, kwa niaba ya marehemu, jambo ambalo yeye maisha yake yote alikataa kuliamua hadharani. Afadhali maneno yote mawili yaachwe kwenye ukurasa.