Tanzia ya Mapenzi katika Riwaya Pendwa: Ni Nani Aliyeua?

Miongoni mwa vitabu vya hadithi vilivyopendwa na vijana wetu tangu Uhuru, vile visimuliavyo mapenzi yaliyoishia kaburini vina nafasi ya mbele. Huazimwa mkono kwa mkono mpaka jalada likabanduka. Walimu wengi huviona kuwa ni vitabu vya kupotezea wakati, na wahakiki nao, kwa muda mrefu, waliviweka katika fungu la riwaya pendwa wakaviacha huko. Maoni yangu ni kwamba havistahili kuachwa. Kitabu kinacholiza watu wengi kina jambo kinalosema juu ya jamii inayolia, hata kama mwandishi wake hakukusudia kusema lolote. Makala haya yanakusudia kulitazama jambo hilo, na kupendekeza swali moja ambalo mwalimu na mwanafunzi wanaweza kuliuliza mbele ya kila hadithi ya namna hii: huyu aliyekufa, ameuawa na nini?

Neno lenyewe tanzia linatusaidia. Kabla wahakiki hawajalichukua na kulipa maana ya hadithi au mchezo unaoishia kwa anguko la mhusika mkuu, lilikuwa na maana ya habari ya kifo inayopelekwa kwa ndugu na jamaa. Mtu apokeapo tanzia, baada ya kuduwaa na kulia, huuliza: aliugua nini? Kumetokea nini? Hata yule aaminiye kwamba siku za marehemu zilikuwa zimetimia huuliza, kwa kuwa jibu la swali hilo ndilo litakalowaonya walio hai. Msomaji wa riwaya ana haki hiyo hiyo, na mwandishi ana wajibu wa kumjibu.

Tukizitazama hadithi hizi kwa swali hilo, tutaona kwamba vifo vyake si vya aina moja. Kipo kwanza kifo cha amri ya mwandishi. Wapenzi wameshinda vikwazo vyote. Wazazi wamekwisha kubali, mahari imelipwa, na siku ya harusi imetajwa. Ghafla basi linapinduka, au ugonjwa usiotajwa hata mara moja katika sura zilizotangulia unamwangusha bibi arusi. Kifo cha namna hii huanguka kama nazi juu ya kichwa cha mpita njia. Msomaji hulia kweli, lakini akifunga kitabu hana la kufikiri. Wapo watakaotetea kwa kusema kwamba ajali hutokea kila siku katika barabara zetu, na kwamba fasihi ni kioo cha maisha. Ni kweli ajali hutokea. Lakini katika hadithi dereva wa basi lile ni mwandishi mwenyewe. Yeye ndiye aliyechagua njia, mwendo na kona. Hawezi kushuka garini na kutuambia kwamba ni bahati mbaya.

Simaanishi kwamba ajali haina nafasi katika tanzia. Katika mchezo wa Shakespeare unaowahusu Romeo na Juliet, barua muhimu haimfikii kijana kwa sababu mjumbe aliyeibeba amezuiliwa kwa hofu ya tauni. Hiyo ni ajali tupu. Lakini tujiulize kwa nini barua ile ilihitajika kupelekwa kwa siri. Jibu ni kwamba familia mbili zilikuwa na uhasama wa zamani, na wapenzi hawakuweza kusema hadharani lililokuwa moyoni. Ajali ilipita katika njia iliyokwisha kuchimbwa na wazee. Hapo ndipo ajali inapokubalika katika sanaa: pale inapomalizia kazi ambayo watu waliianza.

Aina ya pili ni kifo cha adhabu, nayo ndiyo inayonishughulisha zaidi. Kisa chake kinajulikana na kila msomaji. Binti wa maskini anasoma shule. Yuko kijana ampendaye ambaye hana kitu, na yuko mwenye gari na cheo ambaye ana kila kitu. Binti anadanganywa kwa zawadi, anapata mimba, anafukuzwa shule, anakimbilia mtaani kwa mtu asiye daktari, na anakufa. Kijana maskini anasimama kando ya kaburi akilia. Mwenye gari haonekani tena, hadithi imemsahau. Katika sentensi ya mwisho mwandishi anageuka kuwa mhubiri na kuwausia wasichana wajihadhari na dunia.

Mafunzo ya namna hii huingia darasani yakiwa yamekwisha kuiva. Mwanafunzi akiulizwa katika mtihani dhamira ya kitabu, huandika kwamba mwandishi anawaonya wasichana waepukane na tamaa, na hupewa alama zake. Hakuna aliyemuuliza kuhusu mwenye gari, wala kuhusu baba aliyehesabu mahari, wala kuhusu shule iliyomtoa binti nje ya lango. Marehemu amehukumiwa mara mbili, kwanza na hadithi, na pili na daraja la mtihani. Na darasani wameketi wasichana wanaosikiliza.

Ni vema basi kuirejea riwaya moja ambayo mara nyingi husomwa hivyo, nayo ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Kwa muda ilizuiwa kusomwa shuleni, kwa hofu kwamba ingewapotosha vijana. Si riwaya pendwa kwa maana kamili ya istilahi hiyo, lakini ilipendwa na kusomwa kwa hamu ile ile, na kisa chake kimejengwa kwa mawe yale yale: binti, barua, shule ya bweni, wanaume, mimba na kifo. Msomaji wa haraka huona msichana aliyeharibika akapata malipo yake. Lakini tazama mahali mwandishi anapoanzia. Anaanzia nyumbani Ukerewe, kwa baba, Zakaria, mlevi asiyeitunza nyumba yake, ambaye akigundua barua ya Charles kwa Rosa hujibu kwa kipigo kikali. Rosa anajifunza kuwaogopa wanaume kabla hajajifunza kuwajua. Anapofika mahali ambapo jicho la baba halimfikii, hana kipimo chochote cha kujiongoza, kwa kuwa alichopewa kilikuwa ni fimbo tu. Wanaume wenye umri na madaraka, ambao wangepaswa kumlinda, wanamtumia. Mwishoni Charles, kijana yule yule wa barua, anarudi kumposa, kisha anamkataa kwa sababu si bikira. Rosa anajiua.

Ni nani basi aliyemuua? Mkono ulikuwa wake, lakini fimbo ilikuwa ya baba, nafasi ilikuwa ya wakubwa, na hukumu ya mwisho ilikuwa ya mpenzi aliyedai usafi ambao hakuna aliyemdai yeye. Kezilahabi hamtakasi Rosa. Anamwonyesha akifanya makosa na akijua anayafanya. Lakini anazipanga sababu moja baada ya nyingine, kama fundi apangavyo matofali, na ndiyo maana kifo chake kinatuuma na papo hapo kinatufikirisha. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wake kwamba kitabu hiki kinafundisha wasichana kujihadhari ameufuta mchango wa Zakaria, nao ndio msingi wa nyumba yote.

Mwaka ule ule wa 1971 nchi yetu ilitunga Sheria ya Ndoa, iliyotamka kwamba ndoa ni lazima iwe ya hiari ya wale wanaooana. Hata hivyo sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa, wakati mvulana alitakiwa awe na miaka 18. Ilichukua muda mrefu mpaka Mahakama Kuu, mwaka 2016, ikatamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Vilevile ni mwezi Novemba 2021 tu ndipo Serikali ilipotangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya mimba wanaweza kurudi kuendelea na masomo. Nayataja haya kwa sababu sehemu kubwa ya tanzia zetu za mapenzi imesimama juu ya mambo hayo mawili: binti anayeozwa kabla ya wakati, na binti anayefungiwa lango la shule. Waandishi wetu waliviona vifo hivyo miaka mingi kabla sheria haijaviona. Waliokosea ni wale walioviona wakavipa jina la tamaa.

Sababu nyingine ni fedha, na hapa pia waandishi wetu walikuwa macho. John Simbamwene, mmojawapo wa waanzilishi wa riwaya pendwa Tanzania, aliandika Mwisho wa Mapenzi mwaka 1971 na Kwa Sababu ya Pesa mwaka 1972. Majina hayo mawili yakiwekwa pamoja ni karibu muhtasari wa fungu zima la vitabu. Katika mwaka 1972 pia ilitoka Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed. Humo Mwinyi, mzee mwenye mali, anamtamani Bahati, binti wa maskini, na Idi, kijana mwenye sura na maneno matamu, anajifanya mpenzi wa Bahati huku macho yake yakiwa kwenye fedha za mzee. Kila mmoja ana kiu yake. Bahati peke yake ndiye mwenye kiu ya kupendwa, na ndiyo kiu inayomgharimu zaidi. Mwandishi hahitaji basi la kupinduka. Ameiweka fedha katikati ya watu watatu, akaacha ifanye kazi yake.

Aidha, tusidhani kwamba kila hadithi ya mapenzi iliyopata ajali ni lazima imzike mwanamke ili iwe nzito. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, Maimuna anafungiwa ndani na baba yake, Maksuudi, mtu mwenye sauti kubwa katika siasa. Anatoroka, na anaangukia katika maisha ya ulevi na kuuza mwili. Kwa desturi ya hadithi za adhabu, hapo kaburi lingekuwa limekwisha chimbwa. Mwandishi anakataa. Maimuna anaishi, na anapata mwanamume, Kabi, aliye tayari kuwa naye huku akijua ametoka wapi. Aliyeporomoka ni yule baba. Msomaji anaumia si kidogo kuliko angeumia kwa kifo, na zaidi ya hayo anaona kwamba anguko lina njia ya kurudi.

Wapo wasemao kwamba kilio hiki chote ni cha kuazima, kwamba waandishi wetu walikichota katika filamu za Kihindi zilizojaza majumba ya sinema ya Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa. Siwezi kukataa kwamba namna ya kulia inaweza kuazimwa: mvua inayonyesha siku ya kuagana, picha inayobusiwa, barua inayochomwa moto. Lakini baba mwenye fimbo, mahari, mwalimu asiye mwaminifu na mwenye gari havikuja kwa meli. Watazamaji wetu walizielewa filamu zile, hata pale wasipojua lugha yake, kwa kuwa mzazi anayesimama kati ya wapenzi walikuwa wakimjua tangu nyumbani.

Jambo la mwisho linahusu mahali hadithi hizi zinapotoka. Katika miaka ya 1980, karatasi ilipokuwa adimu na mashirika ya uchapishaji yalipoyumba, waandishi kadhaa walijichapishia wenyewe vitabu vidogo; Kajubi Mukajanga ni mmoja wao. Baadaye, magazeti binafsi yalipoenea, hadithi ya mapenzi ilihamia humo na kutoka kwa mfululizo, na Eric Shigongo akawa miongoni mwa waliojipatia wasomaji wengi kwa njia hiyo. Kazi hii ina faida kubwa, kwani imewafanya watu wasiogusa kitabu wasome Kiswahili kila wiki. Lakini mfululizo una sheria zake. Kila toleo ni lazima liishie pabaya ili lijalo linunuliwe, na hakuna pabaya panapopatikana kwa urahisi kuliko kitanda cha hospitali. Ugonjwa ukitumiwa hivyo mara nyingi, unapoteza uzito, na msomaji anazoea vifo kama mlinzi wa makaburi.

Kwa hiyo mwalimu asiwanyang'anye wanafunzi vitabu hivi. Avichukue, avifungue mbele yao, na awaache wafanye uchunguzi. Nani alijua nini, na kwa nini hakusema? Mwanamume aliyehusika yuko wapi katika sura ya mwisho? Tukiiondoa ajali, je, wapenzi hawa wangesalimika? Kama wangesalimika kabisa, basi mwandishi amewaua bure. Kama wangeangamia vilevile kwa njia nyingine, basi kuna kitu katika nyumba, katika shule au katika sheria kilichokuwa kikiwangoja, na kazi ya darasa ni kukitaja kwa jina lake.

Wahenga walisema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Mwanafunzi aliyekwisha kulia juu ya kitabu anayo tayari nusu ya maana. Nusu iliyobaki ni kujua machozi yake yanamdai nani. Tukimfundisha hivyo, siku moja atapokea tanzia ya kweli kutoka kwa jirani, ya binti aliyekatiza masomo au mke aliyepigwa, naye hatatosheka kuambiwa kwamba marehemu alijitakia mwenyewe.